Mwanga Kabla ya Pikseli: Historia ya Kamera za Video Meru na Embu

Tangu kamera za video zianze kuonekana kwenye sherehe za mashariki mwa Mlima Kenya, kila kizazi chake kimeuzwa kwa nambari. Kwanza ilikuwa idadi ya mara ambazo lenzi inaweza kuvuta sura karibu. Baadaye ikawa idadi ya vihisi, yaani vile vipande vya silikoni vilivyo nyuma ya lenzi ambavyo hugeuza mwanga kuwa umeme: kamera ya kihisi kimoja ilikuwa ya nyumbani, ya vihisi vitatu ilikuwa ya kazi. Kisha zikaja pikseli, vile vituo vidogo vya kukusanyia mwanga vilivyopangwa juu ya kihisi, zikahesabiwa kwa malaki na halafu kwa mamilioni. Nambari hii ya mwisho ndiyo iliyotangazwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Nashikilia kwamba ndiyo iliyoeleza machache kabisa kuhusu picha iliyopatikana. Idadi ya vihisi ilieleza zaidi, lakini kwa muda wa miaka kama 15 tu. Jambo ambalo halikuacha kuamua ubora, kuanzia kanda za VHS hadi simu za sasa, ni kiasi cha mwanga kinachofikia kila pikseli, na historia ya kamera katika Meru na Embu inalionyesha hilo waziwazi.

Uwazi huo unatokana na mahali penyewe. Ikweta inapita kusini kidogo mwa mji wa Meru, nao mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Saa saba mchana jua huwa karibu utosini, na kivuli hukaa chini ya nyusi na chini ya kidevu. Weka hapo bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, gauni jeupe, na nyuma yake hema jeupe: kamera inatakiwa kushika weupe unaong'aa na weusi ulio kivulini kwa wakati mmoja. Ikiachwa ijiongoze, itapunguza mwanga ili gauni lisiungue, na uso wa mwenye siku yake utabaki doa. Asubuhi ya siku hiyo hiyo kamera ilikuwa ndani ya kanisa la mawe lenye madirisha membamba, ambako mwanga ni mdogo mara mamia kuliko ule wa nje. Jioni, kwa kuwa keki zetu hazikatwi kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi, kazi huendelea hadi magharibi, na karibu na ikweta giza halichelewi. Tena Agosti, mwezi wa harusi nyingi, ndio wakati ambapo ukanda wa majani chai, Kathangariri upande wa Embu na Kionyo upande wa Meru, huweza kushinda ndani ya mawingu na ukungu.

Umeme nao haukuwa wa kutegemewa. Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yote katika Mto Tana, mpakani mwa nchi ya Mbeere huko Embu. Hata hivyo kwa miongo mingi nyaya zilipita juu ya vijiji vya Mbeere zikielekea kwingine, na watu waliokuwa chini yake wakaendelea na taa za mafuta. Hiyo ilikuwa dhuluma, na inahusu kamera moja kwa moja: kifaa kilichohitaji taa kubwa ili kitoe picha nzuri kilihitaji pia jenereta, mafuta yake na mtu wa kuiangalia. Kwa hiyo katika miji ya Mbeere kama Kiritiri au Ishiara, uwezo wa kamera wa kuona katika mwanga hafifu ulikuwa ndio uwezo wa kufanya kazi au kutofanya.

Kihisi cha aina ya CCD kilibuniwa mwaka wa 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani, kazi iliyowapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2009. Mfumo wa VHS ulitoka kwa kampuni ya JVC mwaka wa 1976, na katikati ya miaka ya 1980 kamera na kinasa viliunganishwa katika mwili mmoja wa kubebwa begani. Huku kwetu miaka hiyo ilisukumwa na kahawa. Barafu iliyoua mibuni ya Brazil mwaka wa 1975 ilipandisha bei ya dunia, na mwaka wa 1976 na 1977 wakulima wa Embu na Meru walishika fedha ambazo hawakuwa wamezizoea. Kisha makubaliano ya kimataifa ya kahawa yakavunjika mwaka wa 1989 na bei ikaporomoka. Kamera ya begani ya VHS ilienea katikati ya ufukara huo, kwa hiyo ilikuwa mali ya wachache, na aliyekuwa nayo aliitwa kila mahali, kutoka mahafali ya shule hadi mazishi ya mzee wa ukoo.

Kamera hizo zilikuwa na kihisi kimoja. Kihisi chenyewe hakijui rangi. Kinajua mwanga mwingi na mwanga kidogo tu. Ili kipate rangi, kila pikseli hufunikwa kwa kichujio kinachopitisha rangi fulani na kuzuia nyingine. Mpangilio unaotumika zaidi leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, hataza yake ikatolewa mwaka wa 1976: nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu, robo bluu, na rangi zinazokosekana katika kila nukta hukisiwa kutoka kwa majirani. Vichujio hivyo hutupa sehemu kubwa ya mwanga ulioingia. Katika kamera ya vihisi vitatu, nyuma ya lenzi kuna prizimu inayogawa mwanga katika mafungu matatu, nyekundu, kijani na bluu, kila fungu likapelekwa kwenye kihisi chake. Hakuna kinachokisiwa, na kinachotupwa ni kidogo sana. Hapo ndipo thamani ya vihisi vitatu ilipokuwa: rangi iliyopimwa badala ya kubahatishwa, na mwanga uliotumika badala ya kupotea. Haikutokana na kuwa na pikseli mara tatu, kwa maana picha inayotoka ina nukta zile zile.

Mtu anaweza kupinga hapa, na ana haki, kwamba katika enzi ya VHS yote haya yalikuwa kazi bure. Televisheni ya Kenya ilifuata mfumo wa PAL wenye mistari 625, ambayo 576 huonekana, lakini kanda ya VHS haikuweza kutenganisha zaidi ya takriban mistari 240 kwa upana, na kwa upande wa rangi uwezo wake ulikuwa kama mistari 40 tu. Kanda aliyopewa bwana harusi ilikuwa nakala ya nakala: ile ya kamera ilihaririwa kwa kuunganisha mashine mbili, iliyopatikana ikanakiliwa tena kwa kila aliyetaka, na kila hatua iliongeza chenga na kuifanya rangi nyekundu itambae nje ya mipaka yake. Kweli, kamera ya vihisi vitatu ikiandika kwenye kanda hiyo ilipoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Lakini pingamizi hili linaniunga mkono kuliko linavyonipinga. Kama kanda ilikuwa ndicho kikwazo cha ukali wa picha, basi kuongeza pikseli wakati huo kusingeongeza chochote. Na tofauti ambayo mtazamaji aliweza kuiona hata kwenye nakala ya tatu ilikuwa ile ya kamera iliyoona uso ndani ya kanisa na kamera iliyoona weusi unaochemka.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1995. Mfumo wa kidijitali wa DV uliweka picha ya nukta 720 kwa 576 kwenye kaseti ndogo, kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde, na nakala ikawa sawa na chanzo chake. Mwaka huo huo Sony ilitoa DCR-VX1000, kamera ya mkononi yenye vihisi vitatu vya theluthi ya inchi. Kenya nayo ilikuwa imelegeza udhibiti wa fedha za kigeni mwaka wa 1993, kwa hiyo vifaa viliweza kuagizwa bila kibali cha kila shilingi. Zikafuata DSR-PD150 mwaka wa 2000 na DSR-PD170 mwaka wa 2003, ambazo zilikuja kuwa kamera za kazi za nchi nzima: waandishi wa televisheni walizitumia, na wapiga harusi nao vilevile. Ndipo kanda ilipoacha kuficha tofauti za vihisi. Shuka la kitenge, zulia jekundu la kanisani na ngozi ya mtu vilirudi na rangi yake, na wateja wasiojua lolote kuhusu prizimu walianza kuuliza kama kamera ni ya CCD tatu. Swali hilo lilikuwa la maana kuliko walivyodhani.

Ushahidi bora ninaoujua dhidi ya ibada ya pikseli umo ndani ya ukoo huo huo wa kamera. Mwaka wa 2002 Sony iliitoa DSR-PDX10, ndugu mdogo wa PD150. Zote mbili zina vihisi vitatu na zote hurekodi kwa mfumo wa DVCAM, tawi la DV. PD150 ya PAL ina pikseli kama 450,000 kwenye kila kihisi cha theluthi ya inchi. PDX10 ina zaidi ya milioni moja kwa kila kihisi, lakini kihisi chenyewe kina takriban nusu ya eneo. Ni kama ekari moja ya baba iliyogawiwa wana wawili na ekari nusu iliyogawiwa watano: ukihesabu vichwa utasema boma la pili ni kubwa, ukihesabu magunia utajua ukweli. Kila pikseli ya PDX10 ilipata takriban sehemu moja ya tano ya mwanga uliopatikana na pikseli ya PD150. Mtengenezaji mwenyewe aliandika kwamba PD150 ilihitaji mwanga wa lux 2 ili itoe picha, na PDX10 lux 7. Vipimo hivyo vya viwandani vina hila zake, na kulinganisha kampuni mbili kwa lux ni kujidanganya, lakini hapa ni kampuni moja, mfumo mmoja, miaka miwili tu katikati. Tena PDX10 ilijulikana kwa ugonjwa wa CCD ndogo: palipokuwa na mng'ao mkali, mfano jua juu ya kioo cha gari la maharusi au mshumaa madhabahuni, mstari mweupe ulipasua picha kutoka juu hadi chini. PD170 iliyofuata haikuongeza pikseli. Ilibaki na zile zile 450,000 na kushusha mahitaji hadi lux 1. Kwa mtu aliyepiga keki ikikatwa saa kumi na mbili na nusu jioni bila jenereta, huo ndio uboreshaji uliohesabika.

Soko la filamu lilikuwa linasema jambo lile lile kwa njia yake. Filamu na video za muziki za lugha za Mlima Kenya ziliuzwa kupitia River Road, Nairobi, kwanza kwa kanda za VHS na baadaye kwa diski za VCD, zikarudi kwa matatu hadi vibanda vya Gakoromone mjini Meru na soko la Embu. Diski ya VCD katika mfumo wa PAL inabeba nukta 352 kwa 288, yaani 101,376. Kamera ya DV ilikuwa imerekodi 414,720. Robo tatu ya nukta zilitupwa kabla diski haijafika kwa mnunuzi, na hakuna aliyerudisha diski kwa sababu hiyo. Kilicholalamikiwa ni sauti mbovu na sura za usiku zisizoonekana. Rangi na mwanga hupona kwenye safari ya kushushwa namna hiyo. Pikseli za ziada haziponi.

Lakini nisipite haraka juu ya pingamizi zito zaidi: televisheni zilikua. Skrini bapa za inchi 40 zilipoingia sebuleni, mistari 576 ilianza kuonekana kama ukungu, na picha ya HD ya nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya nukta milioni mbili, ilikuwa bora kwa jicho la yeyote. Hilo nalikubali bila masharti. Pikseli ni muhimu mpaka zifikie idadi ambayo chombo cha mwisho kinaweza kuionyesha. Hata katika hatua hiyo, historia ina funzo lake. Panasonic ilitoa AG-HVX200 mwaka wa 2005 ikiwa na vihisi vitatu vya nukta 960 kwa 540 tu, kisha ikavipanga kwa kusogeza kihisi cha kijani nusu pikseli ili vihisi vitatu visome sehemu tofauti za sura na kwa pamoja vijenge picha ya HD. Kamera hiyo haikuwa kali kama wapinzani wake waliokuwa na pikseli nyingi zaidi, na ukali huo uliopungua ulipimika. Hata hivyo ilitumika katika filamu nyingi duniani kwa sababu ya rangi zake. Mwaka wa 2007 Sony ikatoa PMW-EX1 yenye vihisi vitatu vya nusu inchi, kila kimoja kikiwa na nukta kamili 1920 kwa 1080, na hapo hesabu ikafungwa: kihisi kina pikseli sawa na picha, na kila moja ni kubwa kiasi cha kuona gizani. Pikseli yoyote iliyoongezwa juu ya hapo kwa ajili ya televisheni ya HD ilikuwa inachukua nafasi ya nyingine.

Mwaka uliofuata mambo yalivurugika. Canon 5D Mark II ya 2008, kamera ya picha za mnato yenye pikseli milioni 21 kwenye kihisi kimoja kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ilianza kupiga video. Ndani ya miaka michache maharusi wa Meru na Embu walitaka ule mwonekano wa sura iliyo kali na mandhari iliyoyeyuka nyuma. Kihisi kikubwa kilikusanya mwanga mwingi, na hilo lilikuwa faida ya kweli kanisani. Pikseli milioni 21, kwa upande mwingine, zilikuwa mzigo: kamera haikuweza kuzisoma zote mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo iliruka mistari. Matokeo yalionekana wazi zaidi katika nchi ya mabati. Paa la mabati ya mawimbi likiwa mbali kidogo liligeuka kuwa michirizi ya rangi inayotembea, na wavu wa waya wa meza za kukaushia kahawa ukacheza kama maji. Kamera ya HD yenye vihisi vitatu, kila kimoja kikiwa na pikseli moja ya kumi ya hizo, ilipiga paa lile lile likatulia. Ningependa kila anayetajiwa mamilioni ya pikseli aombe kwanza kuonyeshwa paa la mabati.

Wakati huo huo umbo la kamera lilianza kudanganya. Sony HXR-MC2500 ya mwaka wa 2014 ni kamera ya begani, kubwa, yenye heshima mbele ya wageni, nayo imependwa sana na wapiga sherehe. Ndani yake mna kihisi kimoja cha robo inchi. Simlaumu aliyeinunua, bei yake ilimfaa, na mchana wa jua la Mbeere inatoa picha safi. Lakini mteja aliyeona bega limejaa alidhani anapata kile alichokuwa akipata kwa PD170, na ukungu wa Agosti ndio uliomfichulia.

Waliokulia katika vihisi vitatu wanasema mpaka leo kwamba rangi iliyopimwa haishindwi na rangi iliyokisiwa. Walikuwa sahihi kwa muda mrefu, na sababu ya kuacha kuwa sahihi inaweza kuhesabiwa. Kihisi cha inchi moja, kama kile cha HXR-NX100 ya mwaka wa 2015, kina eneo la takriban milimita mraba 116. Vihisi vitatu vya theluthi ya inchi vikijumlishwa havifiki 52, na vyote vitatu hugawana mwanga wa picha moja. Hata vichujio vikitupa theluthi mbili ya mwanga, pengo limezibwa, hasa kwa kuwa vihisi vipya vya aina ya CMOS, tangu Sony ilipoanza mwaka wa 2009 kuweka kwenye kamera zake za video vile vinavyopokea mwanga kwa upande wa nyuma, havizuiwi tena na nyaya zilizokuwa juu ya pikseli. Tena pikseli zikiwa nyingi kuliko zinazohitajika na zote zikasomwa, rangi ya kila nukta ya HD hupatikana kwa kuunganisha pikseli kadhaa za kweli, na kukisia kunapungua. Hapa, kwa mara ya kwanza, wingi wa pikseli ulisaidia rangi; nao ulisaidia kwa sababu kihisi kilikuwa kimepanuliwa kwanza. Prizimu haikuweza kufuata, kwani vihisi vitatu vikubwa vingedai prizimu nzito na lenzi za bei ya televisheni kubwa.

Njia ya picha kumfikia mtazamaji nayo ilibadilika. Baada ya mitambo ya analogi kuzimwa mwaka wa 2015, vituo vya Kimeru kama Weru TV na Baite TV vilipata nafasi ya kuonekana sebuleni. Mwezi wa Machi 2020 ibada zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na baadaye waombolezaji wakawekewa kikomo cha watu 15. Makanisa na familia zikaanza kurusha matukio moja kwa moja kwa mtandao, mara nyingi kwa data ya simu. Mkondo wa megabiti mbili au tatu kwa sekunde hauwezi kubeba nukta milioni nane za 4K. Na picha yenye chenga za giza hubanwa vibaya zaidi, kwa sababu mfumo wa kubana unatumia nafasi yake kuhifadhi chenga na kuacha nyuso. Picha ya kihisi kinachoona vizuri ilimfikia shangazi aliye Boston. Pikseli za ziada zilibaki kaburini. Watengenezaji wa simu wenyewe wanalijua hili: simu inayotangazwa kuwa na pikseli milioni 48 kwa kawaida huunganisha nne nne na kutoa picha ya milioni 12, hasa usiku.

Sasa kanda zenyewe zinakufa, na watu wanaleta VHS na kaseti ndogo zenye ukungu ili zihamishwe kwenye kompyuta. Wengi huahidiwa kwamba harusi yao ya 1992 itarudi kwa 4K. Kaseti ya DV iliyopigwa kwa PD170 mwaka wa 2005 ikinakiliwa kwa waya wa FireWire hutoa nambari zile zile zilizoandikwa siku ile, nukta 720 kwa 576, na hakuna kingine cha kutafuta ndani yake. Kanda ya VHS inahitaji mashine nzuri yenye vichwa safi, kanda ya kwanza ya kamera kuliko nakala, na kunakiliwa mara moja bila haraka. Programu ya kukuza picha inaweza kulainisha kingo na kubuni nyusi, lakini uso uliokuwa kivulini saa saba mchana, ambao kihisi cha siku ile hakikuupata, haimo kwenye kanda nukta hata moja ya kuukuza.